Safari Haikuishia Bandarini: Uchambuzi wa Kisa cha Kurudi Morogoro Kutoka Unguja

Kisa hiki ni changu mwenyewe. Kilitokea usiku wa Jumapili, tarehe 10 Agosti 2025, katika barabara ya Dar es Salaam hadi Morogoro, kipande cha kati ya Vigwaza na Chalinze, na kwa rehema za Mungu hakuna aliyeumia. Nimeamua kukiandika kwa kirefu kwa sababu kila nilipokisimulia kwa mdomo, wasikilizaji wamekichukua kuwa ni kisa cha dereva aliyesinzia, wakanipa pole na shauri la kunywa kahawa, basi. Kusinzia kulikuwa tukio la mwisho tu. Yaliyoleta usingizi huo yalianza tangu alfajiri, na makubwa kati yake yalitendeka baharini, nikiwa abiria, mahali ambapo hakuna anayewaza habari za usukani.

Hoja yangu ni kwamba tulikuwa na safari moja, tukaipanga kana kwamba ni mbili. Ya boti tuliifikiria peke yake na ya gari tuliifikiria peke yake, na karibu kila uamuzi tuliofanya ili tuivuke bahari kwa raha ulikuwa na deni lililokuja kudaiwa barabarani.

Mpango ulivyokuwa

Mwaka ule Nanenane iliangukia Ijumaa, kwa hiyo sisi waajiriwa tulipata siku tatu mfululizo. Tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka tisa, na mdogo wake wa kiume wa miaka mitano. Ijumaa alfajiri tuliondoka nyumbani Morogoro kwa gari letu dogo, tukaliacha katika maegesho ya kulipia karibu na Posta, kwa kuwa boti ziendazo kasi kati ya Dar es Salaam na Unguja hubeba abiria na mizigo yao tu, kisha tukavuka. Wenyeji wetu walikuwa familia ya shangazi yangu, ambaye aliolewa Unguja kabla mimi sijaanza shule na sasa anaishi katika maghorofa ya Michenzani.

Kuvuka siku ile kulikuwa kwepesi. Watoto walizunguka wakitazama maji, mke wangu alikula karanga mpaka zikaisha, nami nikajisemea kwamba habari za bahari ya Agosti hutiwa chumvi. Wepesi huo ndio ulionipa kipimo cha uongo, na nitaurudia.

Jumamosi usiku, tulipokuwa tunarudi kwa miguu kutoka Forodhani, shangazi aliuliza tutaondoka na boti gani.

"Ya alasiri, shangazi," nikamjibu. "Watoto hawajaenda Changuu kuwaona kobe."

"Mwanangu, tokeni na ya asubuhi. Kusi la mwezi huu ikifika mchana bahari huchafuka, na nyinyi mkishuka bado mna gari mbele yenu. Kobe wale wamekaa pale miaka mia, mtawakuta."

"Tutafika tu, shangazi."

Nimeyatafakari sana maneno hayo, tutafika tu. Hayakuwa na hesabu yoyote ndani yake. Laiti mtu angenitaka nitaje saa ya kushuka Dar es Salaam, saa ya kutoka mjini na saa ya kufika Msamvu, ningelazimika kutamka kwa kinywa changu mwenyewe kwamba nitaingia Morogoro yapata saa tano usiku, nikiwa macho tangu alfajiri, nikiwa na watoto wawili nyuma, na nadhani ningeusikia ubaya wa jambo hilo. Badala yake nilibaki na kitu kimoja tu kichwani: Jumatatu kuna kazi na kuna shule, kwa hiyo Jumapili lazima tulale nyumbani. Kila kitu kingine kililazimishwa kuingia katika nafasi iliyobaki.

Jumapili niliamka saa kumi na robo alfajiri. Nilifunga mizigo, nikaswali, nikawaamsha watoto, na saa moja tulikuwa tayari kwenda Changuu kwa mashua. Huko tulikaa juani mpaka karibu saa sita. Sijutii kobe hao hata kidogo. Binti yangu mpaka leo ana picha akimlisha mmoja majani. Ninachosema ni kwamba saa hiyo ya mchana, wakati bado sijaikanyaga boti ya kurudi, nilikuwa nimekwisha kutumia karibu saa nane za siku yangu ya udereva.

Bahari ya kurudi

Upepo wa kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kuanzia kama Aprili hadi Septemba, na miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo huwa na nguvu zaidi. Mji wa Unguja uko karibu kaskazini kabisa mwa Dar es Salaam, kwa umbali wa kilomita sabini na kitu. Ukiiweka ramani na upepo pamoja, jambo linajieleza: anayekwenda Unguja wakati wa kusi husukumwa na mawimbi kwa nyuma, chombo kikienda nayo, na anayerudi Dar es Salaam huyakabili kwa omo, moja baada ya jingine, kwa muda wa saa mbili. Bahari ni ileile na boti ni ileile, ila safari zake ni tofauti. Juu ya hayo, mchana nchi kavu ikipata joto upepo wa pwani huongezeka nguvu, ndiyo maana mabaharia wengi watakwambia kwamba boti ya asubuhi ni ya wasafiri na ya alasiri ni ya wenye haraka. Shangazi hakuhitaji ramani kuyajua haya. Amekaa pale miaka mingi akiwaaga watu.

Boti yetu iliondoka saa kumi na dakika kumi. Tulikuwa tumewahi, na kwa kuwahi huko tukafanya kosa la pili: tulichagua viti vya sitaha ya juu, mbele kabisa, ili watoto waone vizuri. Chombo kinachopanda mawimbi kwa omo huinuka na kushuka zaidi sehemu ya mbele, na kadiri mtu anavyokaa juu ndivyo mrama unavyomzungusha zaidi. Mahali palipo na utulivu ni katikati, chini, karibu na maji. Wahenga walisema waenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na ingawa methali hiyo hutumika kwa maana nyingine, aliyeitunga alikijua chombo: tezini na omoni hapakaliki muda mrefu, ngamani ndiko mtu anakotua.

Tulipokiacha kisiwa nyuma, boti ilianza kupanda. Ilikuwa inapanda taratibu kama mtu anayevuta pumzi, inasita juu, halafu inaanguka kwa kishindo ambacho ulikisikia kwenye meno. Baada ya nusu saa sauti za mazungumzo zilikuwa zimekufa. Wahudumu walipita wakigawa mifuko ya kutapikia bila kuulizwa, wakiwatazama watu usoni na kujua nani wa kumpa. Mke wangu alifumba macho, akashika mkono wa kiti kwa vidole vyote. Mtoto mdogo alilala mapajani mwake mapema, kama Mungu anavyowajalia wadogo.

Binti yetu alikuwa ameanza kubadilika rangi. Mama mmoja mtu mzima aliyekaa ng'ambo ya njia, mwenye kanga mbili na mkoba wa ukindu, alitoa ndimu, akaikata kwa kisu kidogo, akampa nusu. "Nusa, mjukuu wangu," akamwambia. "Usitazame chini. Tazama kule maji yanakokutana na mbingu, usiondoe macho." Mtoto akafanya hivyo njia nzima, ndimu puani, macho dirishani, na alitapika mara moja tu, karibu na mwisho.

Ushauri wa mama yule ni wa kweli kwa maneno ya kitabibu pia. Sikio la ndani lina viungo vinavyohisi kila mnyanyuko na kila mzunguko wa mwili, wakati macho yaliyoelekezwa kwenye simu au kwenye mgongo wa kiti cha mbele huuambia ubongo kwamba mtu ametulia. Ubongo ukipokea habari mbili zinazopingana, kichefuchefu hufuata. Anayetazama upeo wa bahari anayapa macho nafasi ya kuona mwendo ambao sikio linauhisi, na ugomvi unapungua. Sababu hiyohiyo ndiyo inayomfanya dereva wa gari awe wa mwisho kutapika katika njia ya kona: yeye anaiona kona kabla haijafika. Kwa ndimu yenyewe sina la kitabibu la kusema, zaidi ya kwamba sijawahi kupanda boti hizo nikamkosa mtu aliyeishika.

Kidonge

Hapa ndipo penye kiini cha kisa.

Mchana wa Jumapili, tulipopita Darajani, niliingia duka moja la dawa nikaomba dawa ya kuzuia kutapika baharini. Muuzaji alinipa promethazini, vidonge vya miligramu 25. Aliuliza umri wa watoto, akanieleza namna ya kumeza. Hakuuliza nani ataendesha gari baadaye, na mimi sikumwambia. Simtupii lawama, kwake mimi nilikuwa msafiri wa boti, na hata kwangu mwenyewe, saa ile, sikuwa zaidi ya msafiri wa boti.

Promethazini ni dawa ya zamani iliyo katika kundi la dawa za mzio za kizazi cha kwanza. Dawa za kundi hili huzuia kichefuchefu cha safari kwa sababu zinaingia ubongoni, na kwa sababu hiyohiyo zinaleta usingizi. Sifa hizo mbili hazitenganishwi: mlango ambao nafuu inaingilia ndio usingizi unaoingilia. Nguvu yake huanza ndani ya kama dakika 20, hudumu saa nne hadi sita, na kwa watu wengine uzito wa kichwa huendelea hadi saa 12. Sinarizini, ambayo watu wengi huiona kuwa nyepesi, nayo inalevya usingizi. Karatasi inayowekwa ndani ya boksi huwaonya wanywaji wasiendeshe gari, lakini mimi sikununua boksi. Niliuziwa vidonge sita vilivyokatwa kutoka kwenye pakiti, vikatiwa katika bahasha ndogo iliyoandikwa kwa kalamu "1x1".

Nilimeza kimoja saa tisa na nusu, tukiwa foleni. Mke wangu alimeza kimoja. Binti yetu alikuwa hapewi chochote zaidi ya ndimu, kwa sababu alikionja kidonge cha mama yake kwa ncha ya ulimi, akakikataa kwa uchungu wake, nasi hatukumlazimisha. Ilipofika kama saa kumi na moja, boti ikiwa inaanguka vibaya na tumbo langu limeanza kugeuka, niliongeza cha pili. Hilo lilikuwa kosa ndani ya kosa. Dawa hizi huzuia kichefuchefu kisianze. Kikishaanza, tumbo halifanyi kazi yake sawasawa, na kidonge kinachomezwa wakati huo hakimsaidii mtu wakati anapokihitaji. Kinasubiri, kisha kinafanya kazi yake baadaye, wakati haitakiwi tena.

Mke wangu ana leseni na ni dereva mzuri kuliko mimi usiku. Kwa hiyo familia yetu ilikuwa na madereva wawili, na sote wawili tulimeza dawa ya usingizi kwa hiari yetu, katika foleni moja, tukimshukuru muuzaji. Kama kuna sentensi moja katika maandishi haya ambayo ningetaka msomaji aikate na kuiweka mfukoni, ni hiyo.

Bandarini

Tulishuka Dar es Salaam saa kumi na mbili na dakika 25, jua likizama. Miguu ilikuwa bado inaisikia bahari. Nilisimama kwenye sakafu ya saruji nikahisi inapanda na kushuka. Hali hiyo huwapata wengi na kwa kawaida huisha yenyewe baada ya muda, lakini ni dalili kwamba ubongo bado unaendelea na kazi ya baharini. Nilimtumia shangazi ujumbe: tumeshuka salama. Jibu lilirudi papo hapo: "Alhamdulillahi. Basi mmeshafika."

Ujumbe huo unaeleza mengi kuhusu namna sisi watu wa nchi hii tunavyozihesabu hatari. Bahari tunaiogopa kwa majina na tarehe. MV Spice Islander, karibu na Nungwi, tarehe 10 Septemba 2011. MV Skagit, karibu na Chumbe, tarehe 18 Julai 2012, katika msimu huuhuu wa kusi. Kila familia ya Unguja na Pemba ina mtu wake katika moja ya misiba hiyo, au jirani yake, na shangazi yangu alikaa matanga ya yote miwili. Waliokufa barabarani kati ya Kibaha na Morogoro hawana jina la pamoja wala tarehe ya kuwakumbuka; wamekufa watatu leo, wawili juzi. Hofu yetu kwa hiyo huishia gatini. Mtu akikanyaga nchi kavu mwili wake wote unalegea, na kulegea huko kwa dereva ambaye bado ana kilomita 190 mbele yake ni hatari tosha, hata kabla ya kuhesabu kidonge.

Hatukuwa tumekula tangu saa saba, kwa hofu ya kutapika. Kwa hiyo tulikula palepale karibu na bandari, na tulikula sana: wali, maharage, kuku, soda. Maji sikunywa ya kutosha. Saa moja na nusu usiku nilitia ufunguo kwenye gari nikiwa na njaa iliyoshiba ghafla, kiu niliyodhani ni uchovu, na vidonge viwili vilivyokuwa vinaanza kupata utulivu wa kufanya kazi.

Barabara

Mjini nilikuwa macho, na ndilo jambo lililonidanganya. Magomeni, Manzese, Ubungo penye Daraja la Kijazi, kote kuna taa, bodaboda zinakatiza, mabasi yanapita katikati, na mtu hawezi kulala hata akitaka. Tulipokaribia Kimara simu ya mke wangu iliita. Alikuwa kaka yake, ambaye nyumba yake iko hatua chache kutoka barabarani. Mke wangu akaweka sauti ya nje.

"Shemeji, mmechoka, pitieni mlale. Mtatoka alfajiri."

"Ahsante, shemeji, tumeshatoka mjini. Tukisimama hatutaondoka."

Nilidhani nimesema neno la busara. Ukweli ni kwamba maneno yale, tukisimama hatutaondoka, yalikuwa ungamo la mtu aliyechoka kupita kiasi, na shemeji yangu hakuwa na namna ya kuliona hilo kwenye simu.

Kuanzia Kimara hadi Kibaha barabara ni pana, njia nane, na gari linateleza. Baada ya Kibaha inarudi kuwa ya njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, nayo ndiyo inayobeba malori yote yaendayo Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, na tangu mwishoni mwa 2023 mabasi ya mikoani yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, nayo yamo humo. Taa za mbele zinakuja machoni, zinapita, giza linarudi, zinakuja nyingine. Mlandizi tulipita saa tatu kasoro dakika tano. Mke wangu alikuwa amelala, shingo imelala begani. Mtoto mdogo amelala. Nilifungua kioo ili upepo unipige, nikaongeza sauti ya redio. Vitu hivyo viwili havimwamshi mtu. Vinampa tu hisia kwamba amefanya jambo.

Baada ya mizani ya Vigwaza sikumbuki vizuri. Nakumbuka kwamba niliona mti uleule mara mbili. Kisha ikaja sauti ya kukwaruza na mtikisiko mdogomdogo mfululizo, yale matuta membamba ambayo madereva huyaita rasta, na sauti ya binti yangu nyuma yangu, iliyotulia kabisa, kama mtu anayeuliza jambo la kawaida:

"Baba, mbona umefumba macho?"

Niliyafumbua. Kwenye lami, mbele ya taa zangu, kulikuwa na matawi. Yalikuwa yamekatwa upya, majani bado mabichi, yamepangwa hatua kwa hatua kama mtu anavyopanga mikeka, na mwisho wa matawi hayo palikuwa na nyuma ya tela, nyeusi, pana, isiyo na taa wala pembetatu ya tahadhari. Nilikanyaga breki na kuzungusha usukani kulia. Mungu alijaalia upande ule hapakuwa na gari linalokuja. Kioo cha pembeni cha kushoto kiligonga kona ya tela kikapasuka. Gari lilivuka barabara yote likasimama kwenye majani ya upande wa pili, na injini ikazima. Mwezi ulikuwa wa siku moja baada ya kukamilika, na eneo lote lilikuwa jeupe. Siwezi kulisingizia giza.

Utingo wa lori alikuja akikimbia na tochi. Alitutazama mmoja mmoja, akawahesabu watoto, akasema, "Pole, bosi. Shusha kwanza familia." Hakunitukana, ingawa alikuwa na haki, na mimi sikumuuliza habari za pembetatu.

Hesabu ya sekunde zile ni rahisi. Gari lililo katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Usingizi wa sekunde nne, ambao mwenye kusinzia hata haukumbuki, ni karibu mita 90 bila dereva. Saa yangu ilionyesha tatu na dakika 20 usiku, yaani nilikuwa macho kwa saa 17, na watafiti wamekwisha kuonyesha kwamba mtu aliyekaa macho muda huo hupungukiwa na uwezo wa kuendesha kwa kiasi kinachokaribiana na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Hilo ni kabla ya promethazini. Askari wa usalama barabarani angenisimamisha pale mizani akanipima, kipimo kingesoma sifuri, na angenipungia mkono niendelee.

Yaliyowezekana

Nimejiuliza ni wapi hasa mnyororo ungekatika kwa urahisi. Boti ya asubuhi ingemaliza kila kitu, hilo halina mjadala: bahari ingekuwa tulivu zaidi, tungeshuka kabla ya saa nne asubuhi na kuwa nyumbani mchana. Lakini namwelewa pia mzazi anayetaka kuwapa watoto siku ya mwisho, na sipendi uchambuzi unaodai kwamba watu wangekuwa watu wengine.

Treni ninaiona kuwa jibu zuri zaidi, na nasikitika kwamba haikunijia hata akilini. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inakwenda Morogoro kwa muda usiofika saa mbili, na stesheni yake mjini haiko mbali na bandari. Bajaji moja inatosha. Nauli ya kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa watoto wa umri wa wetu. Wazo hilo halikutujia kwa sababu gari ni letu, na mtu mwenye gari huona kulipa nauli ni hasara. Gari lile lilikaa maegeshoni siku tatu likilipiwa, halikutufaa kitu chochote kisiwani, na kazi yake pekee ilikuwa kutungoja tukiwa tumechoka.

Hata hivyo, kwa wale ambao lazima warudi alasiri na lazima waendeshe, jambo ni dogo kuliko yote hayo. Kabla ya kupanda boti, muulizane nani ataendesha. Huyo asimeze kitu chochote kinacholeta usingizi. Akae chini, katikati, atazame nje, anywe maji, na akitapika atapike. Dereva aliyetapika na kupumzika yu salama kuliko dereva aliyetulizwa. Akishindwa kuvumilia akameza, basi usiku ule gari halimhusu tena, na Kimara kuna shemeji.

Sisi tulifika Chalinze kwa mwendo wa mkokoteni, mke wangu akiwa amekaa wima ananisemesha bila kukoma na binti akiwa amesimama katikati ya viti, mkono wake begani kwangu. Tulichukua chumba katika gesti ya kwanza yenye taa. Asubuhi niliamka saa mbili na nusu, kichwa bado kizito kama gunia lililonyeshewa, na kwa mara ya kwanza nikaamini kuwa dawa ile ilikuwa bado mwilini. Tuliondoka saa nne. Baada ya Mikese milima ya Uluguru ilijitokeza ikiwa na wingu lake la kawaida, na watoto walikosa shule siku ile bila dunia kuanguka.

Shangazi alipiga simu saa saba mchana kuuliza mbona watoto hawajamsalimu. Nikamweleza yote. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Na mimi nililala, mwanangu. Uliponiambia mmeshuka, nililala."

Safari iliyofuata tulirudi na boti ya asubuhi, bahari ikiwa ya kaskazi, mke wangu akiwa dereva na mimi nikiwa na nusu ndimu puani. Nilimwandikia shangazi kutoka bandarini kwamba tumeshuka. Hakujibu. Jibu lake lilikuja saa nane na dakika kumi mchana, nilipomwandikia tena kutoka Msamvu.